Nyongeza ya Aurélie

Odeta alipiga simu Jumatano asubuhi, Sixte akiwa amekaa uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Odeta. Mtoto mzima?"

"Mzima, yuko shule. Nimekupigia kwa jambo moja, na leo usinizungushe."

Sixte aliweka gunzi chini. Jambo lenyewe alilijua. Mpango wa kusaidia kaya maskini, ambao wote wawili walikuwa ndani yake, yeye Kasokola na Odeta kule Kasansa, ulikuwa umetangaza nyongeza ya mwaka. Redio ilisema ni kuanzia mwezi wa saba. Kila aliyezoea kupokea ruzuku anajua hiyo maana yake: redioni mwezi wa saba, mkononi mwezi wa tisa. Hapo katikati majina yanahakikiwa kaya kwa kaya, na orodha ikifungwa imefungwa. Aliye nje atasubiri mwaka mwingine. Safari hii sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa ya watoto wanaosoma.

"Huku wamekataa kumwandika," Odeta alisema. "Mashine yao inasema Aurélie yuko kwenye kaya yako, na mtu haandikwi mara mbili. Huko hasomi, kwa hiyo huko hapati. Huku anasoma, lakini jina halipo, kwa hiyo hapati. Sasa unamshikilia nini, baba?"

"Uhakiki wetu ni Jumamosi."

"Basi Jumamosi umtoe. Sweta analovaa ni la binti yangu mkubwa, mikono inampita vidole. Wenzake wanamcheka."

"Nimesikia."

"Kusikia ulisikia hata mwezi wa pili," alisema Odeta, na simu ikakatika.

Sixte alirudia mahindi yake. Hakumkasirikia. Odeta alikuwa na mdomo mkali lakini roho yake ilikuwa safi, na mtoto alikuwa wa ndugu yake. Aurélie alizaliwa na Séverine, binti wa pekee wa Sixte, na Ezekia, mdogo wake Odeta. Wazazi wote wawili walikufa mtoto hajaota meno ya pili. Akalelewa na Sixte na mkewe Libérate. Halafu Libérate naye akafa, mwaka juzi, kwa presha. Odeta alikuja msibani, akamaliza siku za matanga, akamwangalia yule mzee anavyounguza uji, akasema mtoto wa kike wa miaka kumi hawezi kukua hivi, na zaidi ya hapo ana ukoo wake. Wazee wakakubali. Sixte naye akakubali, kwa sababu lilikuwa neno la kweli. Akawasindikiza mpaka stendi ya Mpanda, basi la Mpimbwe likaondoka. Kutoka hapo mpaka Kasansa unapita Sitalike, unakata hifadhi yote, na nauli yake kwa mtu wa namna ya Sixte si ya kwenda kusalimia.

Jina lilibaki. Kwenye orodha ya mpango iliandikwa hivi: Sixte Nyandwi, mkuu wa kaya, Aurélie Ezekia, mjukuu. Watu wawili.

Wengi walidhani ni tamaa. Haikuwa tamaa. Tangu mtoto aondoke, shule ilikuwa inaandika hayupo, na ruzuku yake ilikuwa inakatwa yote. Sixte hakupata hata shilingi kwa jina lile. Lakini kila malipo aliitwa mezani, karatasi inageuzwa aweke dole gumba, na pale juu ya dole lake majina yanakaa mawili. Kusoma hajui sana. Majina hayo mawili anayajua.

Na kuna jambo jingine, ambalo mtu asiyetoka makazi ya wakimbizi ya Katumba hawezi kulielewa upesi. Sixte aliingia nchi hii ana miaka kumi, anamfuata mama yake kwa miguu, baba ameshabaki Burundi kaburini. Kilichowaweka hai ilikuwa orodha. Jina likiwemo unapata jembe, unapata blanketi, unapata ekari zako. Miaka mingi baadaye, siku za vyeti vya uraia, walikaa juani tangu alfajiri wakingoja kusomwa, na watu wazima walilia waliposikia yao. Kwenye orodha zile jina halikufutwa kwa sababu mtu amesafiri. Lilifutwa kwa sababu amekufa. Mama yake alifutwa hivyo. Libérate alifutwa hivyo, na Sixte alikuwa amesimama pale pale akiangalia.

Ijumaa alikwenda kuchota maji. Bombani alimkuta Theopista, jirani yake, mjane aliyekuwa naye kwenye mpango.

"Mzee Sixte, kesho unasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Usijifanye. Mwalimu mkuu amepeleka majina ya mahudhurio. Wakikukamata unadanganya watakutoa wewe mwenyewe, ubaki unakula upepo."

"Mimi sijamdanganya mtu. Wameandika wenyewe, sijawaambia waandike."

"Hujawaambia wafute pia." Theopista alimsaidia kujitwisha ndoo begani. "Kama ni upweke, si uoe? Wajane tumejaa hapa."

"Wewe unanitaka?"

"Mimi? Na uji wako ule?" Akacheka mpaka akakaa juu ya dumu lake.

Sixte naye alicheka kidogo. Alipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimeshakwisha, na hakukuwa na wa kumsimulia.

Jumamosi walijaa kwenye darasa la shule ya msingi. Mwezeshaji alikuwa mwanaume mnene kutoka Mpanda mjini, jina lake Optatus, ana kishikwambi mezani na leso ya kufutia jasho. Utaratibu ulikuwa ule ule wa kila mwaka: anaita kaya mbele ya watu wote, anasoma jina moja moja, mkuu wa kaya anajibu yupo au hayupo, na mkutano ndio shahidi. Kwa namna hiyo hakuna wa kuficha kitu. Mtu akisema yupo na hayupo, jirani yake atakohoa.

"Kaya ya Sixte Nyandwi."

Akasimama.

"Sixte Nyandwi?"

"Nipo."

"Aurélie Ezekia?"

Alikuwa amejiandaa usiku kucha. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini jina la mtoto lilipotamkwa vile, kwa sauti, katika chumba alichosomea, likamtoka jingine.

"Yupo."

Watu walikohoa. Nusu ya darasa ilikohoa. Masunga, Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe zake, wakafa wote, naye akaingizwa kwenye mpango, aligeuka na kumtazama.

"Jamani! Sisi wengine tulifuga ng'ombe. Huyu mzee anafuga jina!"

Darasa likalipuka kwa vicheko. "Mtoto hewa!" akadakia mwingine nyuma. "Nyongeza imemnukia!"

"Nyie, tulieni," Optatus alisema. Akapekua karatasi. "Mzee wangu, shule inasema huyu mtoto hajaonekana tangu mwaka juzi. Yupo au hayupo?"

"Yupo Kasansa. Kwa shangazi yake. Anasoma darasa la tano."

"Kwa hiyo kwenye kaya yako hayupo."

Sixte aliangalia kile kishikwambi.

"Mzee, nina kaya themanini hapa. Nikiandika yupo, namfunga kwako mpaka mwaka ujao. Huko aliko nyongeza haitamkuta, na kwako haitakuja, kwa sababu hasomi hapa. Itapotea hewani. Unataka ipotee?"

Vicheko vilikuwa vimepungua. Wenye akili walishaanza kupiga hesabu na kuona kwamba mzee hakuwa na faida yoyote pale. Theopista alikuwa anatazama chini.

Sixte aliwaza lile sweta. Mtoto ananyoosha mkono darasani kujibu swali, na kitambaa kinaning'inia mbele ya vidole.

"Mtoe," alisema.

"Unasema?"

"Hayupo. Kwangu hayupo, mtoe!"

Optatus alibonyeza. "Inataka sababu. Zipo tatu: amefariki, ameolewa, amehama."

"Ngoja." Sixte alitoka kwenye dawati, akapita katikati ya watu mpaka mezani. "Nionyeshe hiyo ya kuhama."

"Hii hapa."

"Na ya kufa?"

"Hii ya juu."

"Usije ukateleza na hilo dole lako nene. Bonyeza nikiwa naona."

Safari hii hakuna aliyecheka. Optatus alifuta jasho la kidole kwenye leso, akabonyeza polepole, kama mtu anayevusha kikombe cha chai kilichojaa. Jina likaondoka.

"Kaya ina watu wangapi sasa?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Lazima useme mzee. Ndio utaratibu."

"Mmoja," alisema Sixte, akaweka dole gumba, akarudi kukaa. Kaya iliyofuata ikaitwa.

Mwezi wa nane ulipita bila simu. Alijaribu kupiga mara mbili, mara zote hakupatikana. Kasansa mtandao una siku zake. Alichoma matofali kidogo, akauza, akanunua chumvi na mafuta ya taa. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa mwisho wa benchi. Watu walimsalimia vizuri, wengine kuliko zamani, na kila mmoja akaenda kwake.

Nyongeza ilifika tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tisa. Walilipwa nje, mbele ya ofisi ya mtendaji, na Sixte akapewa ya kwake, ruzuku ya msingi iliyoongezwa kidogo. Alikuwa bado anaifunga kwenye kitambaa simu ilipolia.

"Baba, imefika!" Odeta alikuwa anapiga kelele, nyuma yake kuna kelele nyingine za watu. "Na huku wamelipa leo. Amewekwa, na nyongeza yake yote. Ngoja uongee naye."

Palikuwa na mkwaruzo, halafu pumzi.

"Shikamoo babu."

Zamani alimwita sogokuru, babu kwa Kirundi, kama bibi yake alivyomfundisha. Sixte aliliacha lipite.

"Marahaba mama. Umekua?"

"Nimekua. Babu, waliniita mbele ya watu. Yule mwezeshaji alisema Aurélie Ezekia, halafu shangazi akaninyanyua."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nipo."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Wote walisikia. Babu, huko unakaa na nani?"

Sixte alitazama foleni. Masunga alikuwa anabishana na Theopista kuhusu nani alikuwa mbele ya nani.

"Watu wamejaa hapa," alisema. "Husikii kelele?"

"Nasikia."

"Basi. Nenda kanunue sweta. Chukua la kukutosha, usinunue la kukulia."

Simu ilirudi kwa Odeta, wakaagana. Mpaka saa tisa foleni ilikuwa imekwisha na watu wametawanyika, mmoja mmoja na wawili wawili, Masunga akiwa wa mwisho na baiskeli yake. Sixte alikuwa bado amesimama pale. Walipaji walipoanza kukusanya vitu vyao aliinua ile meza upande mmoja, karani akainua wa pili, wakaiingiza ndani. Halafu akarudi kuchukua na viti, ingawa hakuna aliyemwomba.