Mvinyo wa Montilla Dirishani Mwabungo

Nzai alianza kugema minazi ya Mwabungo alipoacha shule darasa la tano, na tangu siku hiyo hajapata kuiziba chupa ya tembo kwa nguvu. Tembo likibanwa hupasua chupa. Zake huziba kwa kipande cha kumbi la nazi, kilicholegea, lipate kupumua.

Kwa hiyo Ijumaa ile, alipoona chupa tatu ndogo mezani kwa binti yake zimejazwa pomoni na kuzibwa kabisa, alimwonea huruma. Caroline alikuwa ameshaondoka kwenda hotelini Diani, zamu mpaka Jumapili. Nzai akazing'oa vizibo, akazipanga dirishani penye upepo, akaenda zake mnazini akiwa ameridhika na nafsi yake.

Jumapili jioni Caroline aliingia, akamwamkia shikamoo, kisha akaona dirisha.

"Baba, ni wewe uliyezifungua?"

"Zingepasuka, mwanangu. Joto lote hili."

Caroline akakaa kitandani na viatu vyake vya kazi, na Nzai akatamani afadhali angegombezwa.

Alielezwa taratibu. Ule ulikuwa mvinyo wa Uhispania, wa sehemu tatu ambazo watu wengi hawajazisikia. Lewis, msimamizi wa vinywaji, aliwapa wahudumu watatu, Caroline mmojawapo, chupa zilezile. Kesho kila mmoja angetaja ni sehemu ipi itakayojulikana dunia nzima baada ya miaka kumi, na kwa nini. Atakayemridhisha Lewis angepewa kazi ya kudumu ya mvinyo. Wengine mkataba wao unaisha wageni wakipungua.

Nzai hakuhitaji kuelezwa yaliyobaki. Pasipoti ya Caroline ilikuwa ndani ya sanduku, na wakala wa Ukunda alishampigia simu mara mbili habari za kazi za ndani Uarabuni.

Akasema atakwenda mwenyewe kwa huyo Lewis akiri kosa. Caroline akamuuliza kama atakwenda na kotama yake ya kugemea kiunoni. Hapo angalau alitabasamu kidogo. Nzai akaleta vikombe viwili.

"Onja hivyohivyo," akasema. "Mimi hata tembo lililochacha hunieleza mnazi wake."

Mweupe wa Getaria, kutoka pwani ya kaskazini, ulikuwa umechujuka, hauna ladha. Mwekundu wa Ribeira Sacra, ambako zabibu huchumwa kwenye magenge juu ya mto, ulikuwa umeanza kunukia siki. Caroline akaweka kikombe chini, akatazama ukutani. Nzai akamimina wa tatu, wenye rangi ya chai ya rangi.

Akanusa. Akanusa tena.

"Huu una korosho," akasema. "Za kukaanga. Na mzima huu, haujafa."

Caroline akaonja, akaivuta karatasi yake haraka. Wa Montilla, akasoma, mji wa kusini wenye jua kali. Mvinyo wao huu hukaa miaka na hewa ndani ya pipa. Nalo pipa halimalizwi kamwe: hutolewa kidogo, ule wa zamani ukabaki chini, mpya ukaongezwa juu yake.

Nzai akaduwaa. Kibuyu chake cha kugemea naye hakioshi. Tembo la jana huliacha kidogo chini, ndilo lilifundishe la leo, na wengi wamemcheka kwa uchafu huo.

"Hao ni wagema," akasema.

Wakachemsha chai, wakakaa mpaka ikapoa. Nzai akauliza mgeni pale ufukweni huimaliza chupa kwa muda gani. Caroline akasema wengine huiacha wazi mezani mchana kutwa. Nzai akauliza kama huko Ulaya nako joto linazidi. Linazidi, akajibiwa. Basi, akasema, watu watautafuta mvinyo usioogopa joto. Caroline akaandika.

"Umeniharibia kazi, baba, sasa unanifanyia."

"Andika, usinicheleweshe."

Jumatatu wenzake wawili walitaja Ribeira Sacra, wakazungumza vizuri. Caroline akataja Montilla, na alipoulizwa sababu alisema kweli yote, pamoja na baba na dirisha. Lewis alicheka hadi akavua miwani. Kisha akazifungua chupa zake mwenyewe, akaziacha kwenye kaunta hadi Jumatano.

Jumatano Nzai alikuwa juu ya mnazi alipomwona binti yake chini, amesimama. Akashuka taratibu kuliko siku zote.

Caroline akampa pasipoti, akamwambia aiweke penye vitu vyake: wa Montilla pekee ndio uliobaki mzima, na kazi ameipata. Kisha akatoa mkobani chupa ndogo iliyozibwa kabisa, zawadi ya Lewis kwa mzee.

Kama Montilla itajulikana ulimwenguni, Nzai hajui, na miaka kumi ni mingi. Aliikodolea macho ile chupa, kidole gumba kikimwasha, akasubiri.

"Fungua, baba," Caroline akasema.