Mlio wa Pipa la Shaba

Fundi mitambo alikuwa na siri, nayo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Chini kwenye maabara yao kulikuwa na pipa la shaba ndani ya sumaku kubwa, limepozwa kupita barafu. Wataalamu wanasema nyota zinashikiliwa zisitawanyike na kitu kizito kisichoonekana, na hakuna akijuaye. Wengine walidhani ni chembe nzito, wakazitega miaka na miaka, wakatoka mikono mitupu. Hawa walitafuta chembe nyepesi mno, aksioni, ambayo ikipita kwenye sumaku huenda ikatoa mlio mdogo kama wa redio. Binti wa dada yake fundi, ambaye wenzake walimwita Masikio, alikuwa mwaka wa saba akizungusha kijiti cha pipa, unywele kwa unywele, kama atafutaye stesheni ya redio, akisikiliza.

Jumatatu akaupata mlio.

"Mjomba, njoo uone."

"Naona."

Fundi aliuona kabla yake, maana aliutia mwenyewe Jumapili. Ndiyo desturi yao: mmoja huteuliwa kuingiza mlio wa bandia kimyakimya, ijulikane kama wenzake wanasikia au wamelala. Bahasha ya jibu hufunguliwa Ijumaa. Mteule akiropoka, vipimo vya mwaka mzima vinatupwa.

Taabu ilikuwa barua. Chuo kingine kilimpa Masikio kazi ya kudumu, jibu mwisho Alhamisi. Siku hiyo asubuhi akaja na vikombe viwili vya chai.

"Nawakatalia. Nani anatoka jikoni chungu kinachemka?"

"Na kikiwa maji matupu?"

"Unanitisha, mjomba, au unajua kitu?"

Fundi akapuliza chai iliyokwisha poa. "Mimi najua mitambo. Ila kazi ya kudumu haiokotwi njiani. Ikubali, mlio uwepo usiwepo."

"Wewe hata kivuli chako unakiogopa." Akacheka, akaenda kuwakatalia.

Ijumaa mkuu wa maabara akafungua bahasha: mlio wa bandia. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mtambo unasikia. Masikio naye akapiga, polepole.

Akamsubiri mjomba wake ngazini.

"Jana ulijua."

"Nilijua."

"Ningekubana, ungesema?"

"Nisingesema."

"Basi mama utamweleza wewe kwa nini kazi imenipita."

"Nitamweleza."

Masikio akashuka kuzungusha kijiti. Fundi akapanda juu, akatoa simu, akalitafuta jina la dada yake.