Mita Nne za Ziwa Dogo

Mpima ardhi alirudia hesabu mara ya tatu, jibu likabaki lile lile. Ziwa dogo lilikuwa juu ya ziwa kubwa kwa mita nne na ushee. Kati ya maziwa hayo palikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi, na Jumatatu matingatinga yangeanza kuukata ili mashua zipite.

"Tukichimba pale, ziwa dogo litamwagika lote," alimwambia mhandisi mkuu. "Na vijiji vitatu vinakunywa maji yake."

Mhandisi alielekeza kidole kwenye ramani ya ukutani. "Hii inasema maziwa yote mawili yapo usawa mmoja. Na sahihi yake unaijua."

Aliijua fika. Ilikuwa ya baba yake.

Jioni alimkuta mzee sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, dada mkubwa wa mpima akimkata kucha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

Akamweleza. Mzee alivichezesha vidole majini.

"Mwaka ule nilishikwa na homa," alisema hatimaye. "Ziwa dogo sikulifikia. Nililitazama toka kilimani, nikaliandikia namba ya ziwa kubwa. Nikajiambia nitarudi."

"Hukurudi."

"Nilipandishwa cheo."

Dada aliweka mkasi chini. "Sasa unataka kumvua nguo baba yako uzeeni? Sema ardhi imetitia. Sema chochote."

Mpima alimtazama mzee. Ndiye baba huyu aliyemfundisha kusoma kipimo kabla hajajua kuendesha baiskeli, akimkaripia kwa kosa la nusu sentimita.

Mzee alitoa miguu, akajifuta mwenyewe, taratibu, kidole kwa kidole.

"Andika," alisema bila kumtazama. "Ila usije ukanisomea."

Ijumaa alikabidhi ripoti. Sentensi moja ilimchukua asubuhi nzima: *Mpima wa awali hakufika ziwani.* Mhandisi aliisoma mara mbili, akapiga simu, matingatinga yakaamriwa yasishushwe kutoka kwenye malori. Hakuna aliyempongeza. Alasiri mtu aliishusha ile ramani, ukutani pakabaki mraba mweupe.

Jumapili alikwenda kumjulia hali baba. Dada alimpokea mlangoni, hakumpisha.

"Amelala."

Nyuma ya pazia mzee alikohoa, kisha akajizuia.

"Basi mwambie nilikuja," alisema mpima. Akakaa kibarazani karibu saa nzima, akitumaini labda angeitwa, kisha akaondoka.