Walipoezua Nyumba ya Mlandege

Siku Bi Zuena aliposhuka Mbeya kwenda kumwona mdogo wake, alikuwa amevaa baibui jipya, na ndani ya mkoba alibeba karatasi aliyoichora mwenyewe kwa rula. Mchoro ulikuwa wa nyumba ya marehemu baba yao kule Mlandege, Iringa, ambamo yeye bado aliishi: vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi katikati. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameigawa upya. Vyumba sita vilikuwa vinane, kila kimoja na choo chake na bafu lake, vile ambavyo vijana wanaviita vyumba masta. Wanafunzi wa vyuo walikuwa wamejaa Iringa, na hao ndio wangepanga.

Selemani alimsikiliza akiwa amekaa juu ya gunia katika duka lake la mchele, Sokomatola. Alichota mchele kiganjani, akawa anautazama punje moja moja kama anatafuta mawe.

"Mchoro mzuri, dada," alisema. "Rula umeipiga kweli kweli. Sasa pesa iko wapi?"

"Ndiyo nimekuja kwako. Tushirikiane."

"Pesa yangu ndiyo hii unayoiona imekaa kwenye magunia. Halafu tuseme ukweli. Kwa mirathi, theluthi mbili ya nyumba ile ni yangu. Na mteja ninaye, wa hapa hapa Mbeya, anataka kiwanja. Tuuze, kila mtu achukue chake."

"Mama alifia chumba kile cha mbele, Sele."

"Na mimi nilizaliwa humo humo. Lakini kodi ya wapangaji wanne inatufaa nini?"

Bi Zuena alikunja karatasi yake taratibu, akairudisha mkobani, akabaki ameushikilia mkoba kwa mikono miwili. Nadhani ni hiyo mikono iliyomshinda Selemani, maana alishuka kwenye gunia akajipangusa suruali.

"Haya. Mpaka mwisho wa Disemba. Ukipata mbia wa kuweka pesa na kazi ikaonekana, siuzi. Nitachukua fungu langu la kodi nitanyamaza. Usipopata, namleta mteja."

Hiyo ilikuwa Julai, na upepo wa baridi ulikuwa unachapa Iringa. Bi Zuena alirudi akaanza kutafuta. Benki walimpokea kwa heshima, wakampa kiti na maji ya chupa, kisha wakamweleza riba. Aliyanywa yale maji, akashukuru, akatoka. Hakuwa mtu wa riba. Mume wake alizikwa hadaiwi riba na mtu, na yeye alitaka kumfuata vivyo hivyo. Akaenda kwenye chama cha kuweka na kukopa, wakataka hati ya nyumba, na hati ilikuwa bado na jina la baba, aliyekufa miaka kumi na miwili nyuma. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kihesa alikuja na futi yake akapima vyumba vyote, akasifu, akala wali, kisha akasema ataweka pesa endapo ataandikiwa nusu ya nyumba.

"Nusu ya nyumba hata mimi sina," Bi Zuena alimwambia.

Jirani yake Shufaa ndiye aliyemkumbusha Hamza. Hamza alikuwa mtoto wa ami yake Bi Zuena. Aliondoka Iringa akiwa kijana wa miaka ishirini, sasa anauza vipuri vya magari Maskati, na ana wenzake wanaoweka pesa kwenye majumba.

"Mtu ana ndugu Uarabuni anahangaika na walimu wastaafu," Shufaa alisema. "Ama kweli shoga yangu una moyo."

Hamza alifurahi kupigiwa. Wiki tatu walitumiana sauti kwenye simu, asubuhi na jioni. Mpango wake ulikuwa halali: wao waweke pesa, Bi Zuena aweke nyumba na usimamizi, faida wagawane, hasara wabebe pamoja. Usiku mmoja Bi Zuena aliswali istikhara, akamwomba Mola amwonyeshe kama kuna heri. Aliamka na moyo mwepesi, mwepesi kuliko alivyowahi kuwa tangu afiwe.

Ijumaa moja ya Septemba Hamza alipiga, sura yake ikajaa kwenye kioo cha simu.

"Wenzangu wamelipenda jambo hili, dada. Inshallah tutafanya. Basi tusome Fatiha."

Bi Zuena aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akajitanda vizuri, akainua mikono. Walisoma, yeye Mlandege na Hamza Maskati, wakapangusa nyuso zao. Kwa Bi Zuena mambo yalikuwa yamekwisha. Kwao, tangu enzi za babu, binti huozwa kwa Fatiha, shamba huuzwa kwa Fatiha, na waliogombana hupatanishwa kwa Fatiha. Ikishasomwa, mtu harudi nyuma.

"Lakini wanapenda kuona kazi imeanza," Hamza aliongeza. "Nitumie picha za mafundi. Mimi huku nasukuma."

Fundi alikuwa Filemoni, Mlutheri wa Igowole, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, plasta ikabanduka, akasugua kilichokuwa ndani.

"Kamwene mama," alisalimia kwa kilugha cha kwao, "hili ni tofali bichi."

"Baba alijenga hivyo. Limekaa miaka hamsini."

"Limekaa kwa sababu ya bati. Tofali ambalo halikuchomwa ni udongo tu, linaishi kwa kofia." Aliinua macho darini. "Ili ukuta ubebe vyumba unavyotaka, niezue, nipige zege juu kuzunguka nyumba yote, ndipo niezeke upya. Pesa ipo?"

"Inakuja. Fatiha imesomwa."

"Hiyo mimi siijui, mama. Mimi najua saruji. Tungesubiri iwe mkononi."

"Fundi, wewe ukiahidiwa mbele ya Mungu unakaa kuhesabu?"

Filemoni alitazama chini. Alikuwa mzee wa kanisa kwao, na kwa swali lile alichomoa penseli akaanza kuandika hesabu ya kazi.

Wapangaji waliondoka wiki ya pili ya Oktoba. Wa mwisho alikuwa Rozalia, mwalimu wa chekechea, aliyekaa humo miaka minane. Alifagia chumba mpaka pembeni, kana kwamba mtu angelala humo jioni ile.

"Kikiisha, hiki kiwe changu tena," alisema.

"Kitakuwa na choo ndani, wewe."

"Nitaringa basi, hata kanisani hawataniona."

Walicheka. Bi Zuena alihamisha kitanda chake kwenye jiko la uani. Siku tatu baadaye bati zilikuwa zimepangwa nyumbani kwa Shufaa, lakini mbao za kenchi zilizobeba bati zilivunjika zote zikiteremshwa, maana mchwa walikwishazila kwa ndani. Bi Zuena alisimama ukumbini akapiga picha. Juu yake palikuwa na mbingu tupu, ya buluu. Hamza alijibu mashaallah, na kwamba pesa ni wiki ijayo.

Wiki ijayo ikawa wiki ijayo nyingine. Novemba ikaingia. Mwisho wa mwezi huo ndipo mvua huanza Iringa, na watu walikwisha kulima, wakakaa wakitazama mawingu. Mawingu yalikuja mchana, yakatawanyika jioni. Disemba ikaanza hivyo hivyo, na debe la mahindi likapanda bei. Mji mzima ulikuwa na hofu. Mtu mmoja tu aliamka kila alfajiri akipapasa ardhi ya uani, akiikuta kavu, akashukuru, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

Sauti ya Hamza ilikuja siku ya Jumatatu, ndefu, yenye kikohozi katikati. Wenzake wameangalia hati na kukuta jina ni la marehemu. Wameogopa. Wamenunua majumba huko huko.

"Fatiha tulisoma kutaka baraka, dada," alisema mwishoni. "Wallahi sikujua kama ungeezua nyumba."

Bi Zuena aliisikiliza mara tatu. Kisha akaenda kwa Shufaa kumwambia, akafika mlangoni, akaomba chumvi, akarudi.

Siku hiyo hiyo aliuza herini zake za dhahabu, za harusi, akamwita Filemoni.

"Vyumba masta tuviache, fundi. Nirudishie bati tu. Nifunike tu."

Filemoni alipiga hesabu ya mbao, akatazama mawingu, akapiga tena.

"Siku sita. Kama Mungu akizuia."

Alianza Jumanne. Jumatano msikitini ikatangazwa swala ya kuomba mvua, watu wakutane uwanjani Alhamisi saa mbili asubuhi, waje wamefunga, na wavae nguo za kawaida za unyenyekevu. Bi Zuena alienda. Hakuwahi kukosa wito wa swala maisha yake yote, na hakuona ataanzaje siku ile. Alisimama safu ya wanawake, Shufaa kuliani kwake. Imamu aliinua mikono juu sana, akageuza kishali chake, akaomba kwa sauti iliyokatika. Ewe Mola, tunyweshee. Usituache miongoni mwa waliokata tamaa. Uwanja mzima ukaitikia amin, kishindo kikaja kutoka mbele kikampita.

Ulimi wake haukusogea.

"Mbona huitikii?" Shufaa alinong'ona.

"Naitikia moyoni."

Lakini moyoni kulikuwa na ombi jingine, dogo, lenye siku za kuhesabika. Siku nne tu, Ya Rabi. Nne. Wape wote, lakini baada ya siku nne. Aliwaona akina mama wa mbele yake, watoto mgongoni, mashamba yao yakiwa yamelimwa na hayana kitu, akajua anaomba kinyume chao. Alijua pia kwamba wao ni wengi.

Mchana wa Alhamisi hiyo hiyo upepo uligeuka. Filemoni alikuwa juu ya ukuta, ameshapigilia kenchi za vyumba viwili, bati hata moja bado. Tone la kwanza lilimpiga shingoni. Lilifuatia la pili, kisha barabara yote ikanuka vumbi lililolowa. Watu walitoka madukani wakasimama katikati ya njia wameinua nyuso. Mzee mmoja alivua kofia yake akaiacha ilowe. Shufaa alipiga kigelegele uani kwake, kikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Filemoni alishuka ngazi. Alifuta nyundo kwa shati, akaiweka kwenye mfuko wake wa zana.

"Mama, unisamehe."

"Unakwenda wapi, fundi?"

"Igowole. Mvua ya kwanza ndiyo ya kupanda. Nikichelewa siku tatu, wanangu hawana mahindi mwaka mzima."

"Nitafute fundi mwingine."

"Hutampata. Wote tunakwenda." Hakuwa anamkomoa. Alikuwa anamweleza lilivyo. "Funika vichwa vya kuta kwa turubai. Ikikatika, nitarudi."

Hakuweza kumkasirikia. Maturubai yalikuwa mawili, na kuta zilikuwa nyingi. Yeye na Shufaa waliyafunga kwa kamba na mawe, upepo ukayafungua. Walifunga tena. Jioni Shufaa alimshika mkono akamwingiza ndani kwake, akamvua kanga iliyolowa.

Mvua haikukatika. Ilikuwa ile ambayo wakulima huitaka, ya taratibu, ya kutwa kucha. Maji yaliingia kwenye vichwa vya kuta na kushuka ndani, nyuma ya plasta. Ijumaa plasta ilivimba. Jumamosi ilidondoka vipande vipande, na nyuma yake tofali zilikuwa zimesahau kwamba ni tofali. Zililegea, zikashikana, zikateremka pamoja kama uji mzito. Jumapili asubuhi, wakati kengele za kanisa zikilia kwa shukrani, chumba cha mbele kililala. Hakikupiga kelele. Kilijikunja tu, kikajaza ukumbi kwa matope mekundu mpaka usawa wa magoti.

Bi Zuena aliingia na jembe la Shufaa. Alichimba asubuhi yote pale kilipokuwa kitanda cha mama yake. Hakukuwa na kitu cha kuchimbua, kitanda kilishahamishwa siku nyingi, na yeye alijua. Shufaa alimtazama kutoka ukutani mpaka alipochoka mwenyewe.

Selemani alifika kabla ya Krismasi, na mteja wake. Mteja alizunguka matope kwa viatu vizuri, akiyainua mapindo ya suruali.

"Afadhali," alimwambia Selemani. "Gharama ya kubomoa imepungua."

Selemani alimwacha hapo, akaja akachuchumaa mbele ya dada yake kwenye kizingiti cha jiko.

"Mbona hukuniita, dada?"

"Ungefanya nini?"

"Ningeleta hata maturubai ya magunia. Ninayo mengi, kule stoo. Yamekaa bure."

Bi Zuena alimtazama mdogo wake. Hakuwa amefikiria kumwomba maturubai. Kwake alikuwa ameomba mtaji tu, na aliponyimwa mtaji hakuona kama kuna kitu kingine anachoweza kuomba. Alisaini karatasi ya mauzo mahali alipoonyeshwa. Udongo mwekundu ulikuwa bado kwenye kucha zake, ukaacha alama pembeni ya jina.

Alikwenda Mbeya na Selemani, kwenye gari lake, kitanda kikiwa nyuma kimefungwa pamoja na sufuria. Angekaa chumba cha uani, kwa wifi yake. Walipita Mafinga kukiwa kumetakata. Pande zote mbili za barabara mahindi yalikuwa yametoka, mafupi, ya kijani kibichi, mistari kwa mistari mpaka kwenye misitu, na watu walikuwa wameinama ndani yake. Mmoja wao, huko upande wa Igowole, alikuwa Filemoni.

"Mvua nzuri mwaka huu," Selemani alisema, ili kuwe na neno ndani ya gari. "Alhamdulillahi."

Bi Zuena alijua neno la kuitikia, lile lile la shukrani. Alilijua kabla hajajua kusoma. Alifumbua mdomo, akamwomba Mola kimya kimya asimhesabie ulimi wake, maana ulikuwa mzito kama siku ile ya uwanjani. Walipita Makambako. Mashamba yaliendelea, yote yamepandwa. Mpaka taa za Mbeya zilipoonekana alikuwa bado anajaribu kulisema.