Dirisha Namba Tatu na Namba Saba

Stuli ilikwaruza sakafu, ikatulia, ikakwaruza tena. Kulikuwa bado giza. Mimi hulala kwa ubavu wa kushoto ili sikio la kulia, ndilo pekee linalonifaa, libaki juu. Kwa hiyo sauti ile niliipata, ingawa ilinifikia kama kitu kinachoburutwa chini ya maji. Nikapapasa kitanda. Upande wa mwanangu ulikuwa umeshapoa.

"Unafanya nini huko?"

Akaja kunisemea sikioni, kama nilivyomzoeza. "Najaribu. Nikipanda kwenye stuli nafika dirishani. Ukishafunga kufuli nitakuwa naangalia watu wanaopita."

Ana miaka mitano. Tunamwita Chiriku, maana tangu ajue kusema mdomo wake haujapata likizo. Na sasa alikuwa ameamka gizani, peke yake, kujifunza namna ya kufungiwa.

Siku hiyo ingekuwa ya thelathini ya kumfungia. Bibi jirani aliyekuwa akiniangalizia mtoto alichukuliwa na mwanawe kwenda kukaa kwake, mbali, na hakuna mwingine. Tangu hapo kila asubuhi nafanya mambo yaleyale. Naficha kiberiti, natoa jiko nje, naacha maji, mkate, na mwanasesere niliyemshona kwa vipande vya sare. Kisha nafunga kufuli kwa nje na ufunguo nauvaa shingoni kwa uzi. Saa nne nikiwa kwenye mashine nawaza moto. Saa sita nawaza moto. Saa nane naushika ufunguo chini ya blauzi na kuubana, kana kwamba huko nyumbani mlango utajua kuwa nimeushika.

"Leo sifungi," nikamwambia. "Leo tunakwenda wote manispaa."

"Kazini hawatakugombeza?"

"Nimeomba ruhusa ya nusu siku."

"Umewaambia unakwenda manispaa?"

"Nimewaambia naumwa tumbo."

Akajishika tumbo. "Basi na mimi naumwa tumbo."

Sikio la kushoto lilikufa kwa surua nikiwa mdogo kuliko Chiriku. La kulia linasikia mtu akiwa karibu na mahali pakiwa pametulia. Karakanani, penye cherehani arobaini zinazonguruma pamoja, sisikii lolote. Nasoma midomo, na naangalia mguu wa Dada Pindo, jirani yangu wa mashine, anayeshona mapindo ya sketi za shule kutwa nzima. Kengele ya kuzima ikilia, mguu wake unatoka kwenye pedeli, na wangu unatoka. Pale kazini yeye peke yake ndiye anayejua habari ya sikio langu.

"Wewe," huniambia akiwa amenisogelea hadi nanusa chai yake, "siku wakikuita kukupa cheo, cheo kitasimama hapo mlangoni, kitachoka, kitakwenda zake."

Msimamizi wetu tunamwita Mama Saa kwa jinsi anavyoitazama saa ya ukutani kuliko anavyotutazama sisi. Siku ya kuniajiri alisimama nyuma yangu akaniita kwa jina. Ndivyo anavyowapima wanawake wote kabla ya kuwapa mashine. Sikusikia kitu, ila niliuona mdomo wake ukifunguka kwenye kioo cha dirisha, nikageuka na kuitika abee.

Ajabu ni kwamba kwenye meza ya kukatia yupo Fundi Mkasi, mwanamume asiyesikia hata radi. Yeye Mama Saa humwandikia maagizo kwa chaki kwenye ubao mdogo, na akikosea humchekea. Lakini mwanamke mmoja wa upande wa kola alipogundulika kuwa hasikii vizuri, alitolewa kabla ya chakula cha mchana. Dada Pindo alikuwapo na aliyasikia maneno. "Mwenye mtoto, nusu ya akili yake tayari iko nyumbani," alisema Mama Saa. "Sikio nalo likikosekana, mimi nabaki na nini?" Hakukasirika. Alisema kama mtu anayepima kitambaa na kukuta kimepungua.

Kwa hiyo nyumbani kwetu kuna amri moja. Chiriku anaruhusiwa kusema chochote mbele za watu, chakula chetu, deni letu la sukari, hata kukoroma kwangu, ila habari ya sikio hasemi. Ameitunza tangu akiwa na miaka mitatu.

Manispaa ilipobandika tangazo la kituo kipya cha kulea watoto, nafasi thelathini, nilikwenda siku ileile. Dirisha Namba Tatu lilikuwa la wanawake, Namba Saba la watu wenye ulemavu, kumi na tano huku na kumi na tano huku. Nikasimama Namba Tatu. Dada wa pale alisema jambo huku ameinamia mhuri wake, nami nikaingiza kichwa kwenye tundu la kioo ili nimpate.

"Una shida ya kusikia, dada?"

Hapakuwa na mtu wa karakanani karibu. Nikasema kidogo.

"Basi si hapa. Hapa ni kina mama wanaofanya kazi. Nenda Namba Saba."

"Na mimi ni mama ninayefanya kazi."

"Ndiyo, lakini una hilo jingine."

Namba Saba nilimkuta kaka mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kazi unayo?"

"Ninayo."

"Ah. Hawa wangu ni wa kusaidiwa, mwenye kazi ni wa Tatu. Halafu kwenye fomu yangu mwanamke anasainiwa na mume."

"Sina mume."

"Baba?"

"Alifariki."

"Pole. Kaka, mjomba, mwanamume yeyote wa kukudhamini?"

"Nina binti wa miaka mitano."

Akacheka, nami nikacheka, na alipomaliza kucheka bado fomu ilikuwa inataka mwanamume. Nikarudi Tatu. Tatu wakanirudisha Saba. Mara ya nne yule dada alichoka nami akanisukumia fomu chini ya kioo. "Jaza tu, wataona wenyewe huko juu." Kaka wa miwani naye akanipa yake. "Pale pa saini weka mstari," alisema. "Sijakuona." Nikakaa kwenye ngazi nikazijaza zote mbili kwa mwandiko niliofundishwa darasa la jioni. Kila nilichoandika kwenye ya kwanza kilikuwa kweli. Na kwenye ya pili vilevile.

Baada ya wiki mbili majina yalibandikwa. Langu lilikuwa kwenye orodha zote mbili, na kote lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Pembeni palikuwa na neno moja: Amejirudia.

Chini ya orodha waliandika kwamba walalamikaji wafike kwenye kikao, Alhamisi saa tatu asubuhi. Atakayeitwa mara tatu bila kuitika amefutwa moja kwa moja.

Mwalimu wetu wa jioni hutufundishia kwenye madarasa ya watoto, magoti yetu yakigonga madawati. Nilimwonyesha rasimu ya barua yangu. Akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Umeomba huruma mara nne," akasema, akiusogeza uso wake kwenye mwanga kama anavyonifanyia siku zote. "Huruma wataitoa leo, kesho watamnyima mwenzako. Waambie wabadilishe nini. Kikao hichohicho ndicho kinachotunga kanuni za mwaka kesho."

Nikaandika upya. Kwamba fomu iwe moja, mtu aandike yote yanayomhusu. Kwamba mama asidaiwe saini ya mwanamume ili mwanawe alelewe. Kwamba majina yaandikwe ubaoni, yasiitwe kwa mdomo tu. Mwalimu alisahihisha vituo viwili, kisha akauliza, "Mko wangapi wa namna yako?"

"Sijui, mwalimu. Kila mmoja anaficha."

Nilipoikunja ile barua nilijisikia mrefu. Siku mbili nzima nilishona kola nikitabasamu, hadi Dada Pindo akaniuliza kama nimepata mchumba.

Ukumbi wa kikao ulikuwa na dari ya juu na feni tatu, na sakafu ya vigae inayorudisha kila sauti. Mahali pabaya kuliko pote kwangu. Tulikuwa kama ishirini kwenye mabenchi. Nikamweka Chiriku kulia kwangu. Mpango tulikuwa nao tangu nyumbani: jina langu likiitwa, anavuta sketi yangu mara mbili, nasimama, na hakuna anayejua chochote.

Wajumbe wakaingia na kukaa kwenye meza ndefu. Mwenyekiti, mzee mwenye tai fupi. Katibu na rundo la karatasi. Halafu, kwenye kibao kilichoandikwa Mwakilishi wa Waajiri, akakaa Mama Saa.

Aliniona. Akaitazama saa ya ukutani, akanitazama tumboni, akanyanyua nyusi.

Nilifikiria kuondoka. Kama ningetoka wakati ule, kesho ningesema nilikuwa napita tu kuelekea zahanati, angeniamini au asingeniamini, ila mashine yangu ingebaki. Na kufuli ingebaki. Nikamwangalia Chiriku. Alikuwa anahesabu feni kwa kidole.

Katibu aliita akiwa ameinamia karatasi. Watu walisimama, wakasema yao, wakakaa. Mimi niliona migongo tu. Kisha sketi ikavutwa mara mbili, haraka, na mara mbili tena. Nilipofika mbele katibu alinitazama kwa kuchoka. "Mara ya tatu hiyo, mama. Bahati yako."

Waliniwekea mahali pa kusimama, kwenye alama ya chaki. Mwenyekiti alikuwa kushoto kwangu. Aliongea akiwa amenielekea, na midomo yake ilisomeka vizuri, alikuwa mtu wa kutamka.

"Jina lako liko Tatu na liko Saba. Nafasi ni za watu wengi, wewe umechukua foleni mbili. Moja ni kweli na moja ni uongo. Ya uongo ni ipi?"

Nikatoa barua. "Nimeandika, mheshimiwa."

"Barua peleka masjala. Hapa tunajibu kwa mdomo."

"Na fomu zangu, mheshimiwa? Zinaeleza."

"Fomu ziko ghorofani. Mimi nina majina tu."

Mkono wangu ukabaki hewani na barua. Nikiitaja Tatu kuwa uongo, nimekana kazi yangu mbele ya aliyeniajiri. Nikiitaja Saba, nimekiri udanganyifu, na mdanganyifu hapewi nafasi. Na jibu la kweli, kwamba zote mbili ni mimi, lilikuwa na masikio ya Mama Saa hatua tano tu kutoka nilipo. Alikuwa ameinama mbele kidogo. Uso wake haukuwa mbaya. Ulikuwa uso wa kupima.

Mwenyekiti akageukia karatasi zake. Shavu lake likacheza, nikajua anasema kitu, lakini midomo ilikuwa imeingia kwenye karatasi na feni zilikuwa zinakula kila kitu. Shavu likatulia. Wote wakanitazama. Nikatabasamu lile tabasamu langu la karakanani, la mtu ambaye ameelewa. Katibu akatazama saa. Mwenyekiti akasema tena, vilevile ameinama, na safari hii mtu mmoja benchini akacheka.

Katibu akachukua kalamu. Ilikuwa nyekundu.

Nikahisi kitu kwenye sketi. Chiriku alikuwa ametoka benchini akaja kusimama ubavuni kwangu, upande wa kulia. Hakuvuta mara mbili. Alishika tu, kwa ngumi nzima. Alikuwa amelisikia swali, lote, mara zote mbili, na alikuwa amefunga mdomo kwa nguvu hadi midomo imekuwa mistari. Macho yake yalikuwa yananiomba ruhusa. Mtoto huyu, ambaye hajawahi kuomba ruhusa ya kusema, alikuwa amesimama hapo anatunza amri ya mama yake.

Nikauona mlango wetu. Nikaiona stuli chini ya dirisha, pale alipoiacha alfajiri, tayari.

Dada Pindo angesema nini sijui. Mwalimu angesogeza uso wake kwenye mwanga. Kalamu iligusa karatasi, na nikamwinamishia mwanangu kichwa: sema.

Akavuta pumzi. Akamgeukia mwenyekiti, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia yote.

"Mama hasikii upande huo."