Shingo Mbili

Mimi ni fundi cherehani, na sindano ya daktari naiogopa kuliko nyoka. Wateja wangu wakisikia hivyo hucheka hadi wanasahau kunilalamikia kuhusu pindo. Ndiyo maana uvimbe ulipojitokeza shingoni mwangu niliufunika kwa skafu, nikaendelea kushona, nikijidanganya kwamba utachoka uende zake.

Haukuchoka. Siku niliyopaliwa na chai, binti yangu wa darasa la nne alinikodolea macho yaliyojaa hofu, nikaona aibu, nikaamua kwenda hospitali. Dada yangu sikumwambia, maana kumwambia yeye ni kutangaza redioni. Nilikwenda na mtoto mwenyewe, nikamdanganya kwamba napimwa presha tu.

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa na giza na baridi. Mpiga picha, mama mnene mwenye maneno mengi, alinipaka jeli shingoni. Nilitetemeka mpaka kitanda kikalia.

"Tulia, mama! Hii haichomi," alisema. Kisha akamgeukia binti yangu. "Njoo, bibie, nikupime na wewe, mama aone hakuna maumivu."

Ulikuwa mzaha wake wa kila siku kwa waoga wanaokuja na watoto. Binti yangu akalala, akacheka jeli ilipomgusa. Kifaa kikapita upande huu wa koo, kikapita upande ule, kikarudi. Kikasimama. Yule mama wa maneno mengi akanyamaza.

Nikamuuliza kuna nini, akasema tu, "Ngoja nimwite daktari."

Daktari alitazama picha za shingo zote mbili, na ile ndogo akaitazama zaidi. Uvimbe wangu, alisema, ni vifuko vya maji kwenye tezi ya shingoni. Watu wazima wengi wanavyo na havina neno. Hata sindano haukuhitaji.

"Na picha ya mtoto?"

"Naye ana uvimbe. Ni mdogo kuliko wako, lakini ndani ni mgumu, kingo zake zimechongoka, na una chembechembe nyeupe. Kwa mtoto hatudanganyiki na udogo, mama. Watoto hawapati sana vivimbe hivi, ila wakivipata, hatari yake ni kubwa kuliko kwa mtu mzima. Huo lazima tuuchome sindano, tutoe kidogo tukapime."

"Nichome mimi," nilisema. Najua ni ujinga. Nilimng'ang'ania mkono wa koti, machozi yananitoka. "Nichome mimi, daktari, hata mara kumi."

Akamchoma mtoto. Aliambiwa asimeze mate wala asiseme, akatulia tuli, macho yake kwangu. Nilimshika miguu nikiogopa hata kupumua.

Siku ya majibu daktari alitaka mtoto asubiri nje. Mtoto akakataa kuniachia mkono.

"Ni saratani," daktari alisema taratibu. "Tutamfanyia upasuaji tuitoe tezi. Ya aina hii, kwa watoto wengi, inatibika vizuri."

Mimi nilisikia lile neno la kwanza tu.

Binti yangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mama je?"

"Mama yako hana."

Akashusha pumzi ndefu, akaniegemea begani.

"Afadhali," alisema. "Nilikuwa naogopa ni wewe."