Vita ya Kumuwahi Nsajigwa

Baba mkwe wangu, mzee Ambindwile, alitangaza vita saa tisa alasiri, amekaa nje ya ukuta wa jiko, mimi nikiwa ndani nachambua mboga. Kwa desturi yetu mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe wala hasemi naye. Tunazungumza kupitia mtoto. Sekela wangu ana miezi minane.

"Jirani yetu Nsajigwa ananoa panga tangu asubuhi," mzee alimwambia mume wangu. "Anataka kufyeka migomba yetu. Tumuwahi. Lugano, chukua jembe, ng'oa masale ya mpaka, uyapande ng'ambo ya mparachichi wake, mti ubaki upande wetu. Akiukosa ule mti atanyong'onyea."

Mboga zikanidondoka. Mke wa Nsajigwa, Tusekile, ndiye anayenilelea Sekela kila jioni nikienda darasani Tukuyu. Mtihani wa kidato cha nne umebakiza wiki mbili. Vita ikianza, mtoto nitamwacha na nani?

Nikampakata Sekela dirishani. "Mwanangu, muulize babu: amemsikia Nsajigwa akisema atafyeka?"

Sekela akasema, "Bua."

"Mwambie mama yako, tukingoja aseme, migomba itakuwa imeshalala chini."

"Muulize babu, yeye juzi alinoa panga la nini?"

"La kukatia majani ya ng'ombe."

"Muulize babu, Nsajigwa hana ng'ombe?"

Lugano akakohoa. Nakijua kikohozi chake cha kuficha kicheko.

"Anao wawili," mzee akakiri. "Lakini wale hawali sana."

"Basi muulize la mwisho. Kama tunaogopa panga, mbona jembe linakwenda kwenye mparachichi? Na mbona hofu yenyewe imekuja wiki hii, wanunuzi wa parachichi wakiwa njiani?"

Sekela akacheka. Lugano naye akashindwa kujizuia.

"Hizi shule za jioni," mzee akanung'unika, "zinaharibu mpaka watoto wachanga."

Nikasikia kigoda kikisogea.

"Lugano, peleka jembe kwenye migomba yetu, magugu yamejaa. Na wewe Sekela, mwambie mama yako akupeleke kwa Tusekile, asije akachelewa darasa."

Furaha ikanizidi. "Ndaga, tata. Asante sana, baba," nikasema, mwenyewe kabisa, kwa sauti.

Nikajiziba mdomo.

"Sekela," mzee akasema taratibu kutoka nje, "sauti yako leo nzito. Una mafua?"